Tumenunua RV ya zamani, nusu ya swichi zake hatuzijui

SWALI

Mzee Fundi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Iowa, Marekani, pamoja na mume wangu na watoto. Baba watoto ni dereva wa malori, na siku zote amekuwa na hamu ya kutuzungusha nchi hii bila kulala hotelini. Mwezi uliopita tukanunua RV, lile gari lenye nyumba ndani: jiko, choo, vitanda, kila kitu. Ni la mwaka 1998, limejengwa juu ya Ford E-450, na kitanda kimoja kiko juu ya kichwa cha dereva. Mzee aliyetuuzia naye alilinunua kwa mtu, kitabu cha maelekezo hakuwahi kukiona, na muda mwingi alilitumia kama chumba cha wageni nyuma ya nyumba yake. Kwa hiyo tukimuuliza anatucheka tu.

Shida yetu ni swichi. Mlangoni kuna moja imeandikwa USE upande mmoja na STORE upande wa pili, lakini ukiibonyeza haikai, inarudi katikati. Kwenye dashibodi kuna iliyoandikwa DUAL na MOM, na nyingine ICC. Ukutani karibu na televisheni kuna kibao kidogo chenye kitufe na taa ya kijani, inawaka usiku na mchana. Kwenye friji, pembeni ya mlango, kuna kiswichi ambacho nikikigeuza sioni tofauti yoyote. Jikoni ndiyo balaa. Kuna taa zinazowaka nikishikilia kitufe na kuzimika nikiachia, kuna pampu (hiyo tunaijua), na kuna mbili zimeandikwa WATER HEATER, moja ina taa nyekundu. Chini ya benchi la kulia chakula kuna swichi ya chuma isiyo na maandishi kabisa.

Juu ya hayo, betri inakwisha ndani ya siku mbili hata tukizima vyote. Jenereta inanguruma vizuri ila ndani hakuna umeme. Na tukichomeka gari kwenye umeme wa nyumbani, maikrowevu inafanya kazi lakini soketi za jikoni zimekufa.

Shemeji yangu ni fundi umeme, alisomea nyumbani na akafanya kazi Dar miaka mingi kabla ya kuja huku. Anataka kufungua paneli zote afuate waya mmoja mmoja, kisha atufungie soketi gereji ya kuchomekea gari. Baba watoto anaogopa, anataka tulipeleke kwa mafundi wa RV, ambao bei yao ya saa moja inanitoa machozi. Mwezi wa saba tunataka kwenda Badlands, Dakota Kusini. Tuanzie wapi?

Mama wa Watatu, Iowa

JIBU

Marahaba, Mama wa Watatu, na hongereni kwa gari. Mwambie shemeji aweke bisibisi chini kwanza, na baba watoto asipige simu kwa mafundi bado. Wote wana hoja, ila hakuna anayeanzia panapotakiwa.

Msianze na swichi. Anzeni kwa kujua umeme unatoka wapi. Gari lenu lina umeme wa namna tatu. Kuna betri ya injini, ambayo kazi yake ni stata, taa za barabarani na dashibodi. Kuna betri ya nyumba, moja au mbili, mara nyingi zimefichwa chini ya ngazi ya mlangoni au kwenye kisanduku cha ubavuni. Hizi ndizo zinazoendesha taa za dari, pampu ya maji, feni, na vifaa vinavyowasha gesi. Betri zote hizo ni volti 12. Halafu kuna volti 120, umeme wa majumbani wa Marekani, unaoingia kwa kebo nene ya nje au kutoka kwenye jenereta, na huo ndio wa kiyoyozi, maikrowevu na soketi za ukutani. Katikati yao anakaa konveta: anapokea 120 na kutoa 12 ili taa ziwake na betri ya nyumba ichajiwe. Waliozoea sola nyumbani wanaijua inveta. Huyu kazi yake ni kinyume cha hiyo.

Swichi nyingi mnazodhani zimekufa ni nzima, ila mnazijaribu wakati umeme wake haupo.

Basi fanyeni hivi siku moja ya mapumziko. Nunueni mita ya kupima umeme ya bei ndogo, testa ya taa ya volti 12 ile ya magari, na karatasi za kubandika za kuandikia. Chajini betri ya nyumba ijae, iache itulie saa kadhaa, kisha mpime: ikisoma karibu 12.6 au 12.7 iko vizuri, ikisoma 12.2 iko nusu, na kwa hali hiyo mtapata majibu ya uongo siku nzima. Kisha chomoeni kebo ya nje, zimeni jenereta, toeni ufunguo wa gari. Sasa umeme pekee uliopo ni wa betri ya nyumba. Mmoja abonyeze swichi zote isipokuwa WATER HEATER (hizo nazieleza chini), mwingine azunguke akisikiliza na kuangalia, hata nje na chini ya gari. Chochote kinachoitikia sasa ni cha volti 12, bandikeni karatasi. Mkimaliza, chomekeni kebo ya nje, mrudie zile zilizonyamaza. Mwisho washeni ufunguo wa gari, mrudie za dashibodi. Mtashangaa ni chache kiasi gani zitakazobaki. Andikeni kwa Kiswahili mkitaka, ila msifunike maandishi ya kiwandani. Siku ya kuliuza mnunuzi atayahitaji.

Jambo dogo lakini linapotosha: swichi ya ukutani ya Marekani ikielekea juu imewaka. Kwetu, tuliorithi mtindo wa Mwingereza, chini ndiyo imewaka. Huenda kuna ambazo mmezihukumu kinyume.

Sasa ile ya mlangoni, USE na STORE, kwa sababu nyingine zote za nyumba zinaitegemea. Imetengenezwa irudi katikati, haijaharibika. Yenyewe haibebi umeme wa nyumba. Inatuma amri fupi kwa rilei kubwa iliyo karibu na betri, na rilei ndiyo inayounganisha au kukata. Bonyezeni USE mara moja, muachie, sikilizeni: inatakiwa mlio wa "tak" kutoka kule betri zilipo, na mara nyingi kijitaa pembeni ya swichi kinawaka. STORE, "tak" tena, nyumba inakatwa. Wamarekani huiita swichi ya muuzaji, maana iliwekwa mlangoni ili muuza magari awashe taa akiingia na mteja na kukata vyote akitoka. Msiposikia mlio, ama betri ni dhaifu mno kuvuta rilei, ama fyuzi yake imeungua, ama ncha za rilei zimeota kutu, na kwa gari lililokaa nyuma ya nyumba hiyo ya mwisho haishangazi. Katika magari mengi, rilei ikiwa STORE konveta haichaji betri hata kama mmechomeka kebo ya nje. Kwa hiyo inawezekana kabisa mlikuwa mnachaji betri siku nzima bila kuichaji. Thibitisheni kwa mita: kebo ikiwa imechomekwa na konveta inafanya kazi, kwenye betri msome zaidi ya 13, kawaida 13.6 hivi. Mkisoma 12 na pointi, hakuna kinachoingia.

Na hata ikiwa STORE, baadhi ya vitu haikati. Kipima uvujaji wa gesi, kile kilichofungwa karibu na sakafu kwa sababu gesi ya propani ni nzito kuliko hewa, mara nyingi kimeunganishwa moja kwa moja na betri, na ni vizuri kiwe hivyo. Lakini kinakula umeme kidogo kidogo. Gari likikaa wiki nyingi bila kazi, toeni waya hasi wa betri kabisa. Kipima hicho, na kile cha hewa yenye sumu ya kaboni monoksaidi, vina tarehe ya mwisho nyuma yake. Kwenye gari la 1998, kama ni vya kiwandani vilishakufa zamani hata kama taa zinawaka. Nunueni vipya kabla ya jambo lingine lolote. Watoto watalala humo.

Ule wizi wa betri wa siku mbili una washukiwa wengine wawili, na wote umeniandikia mwenyewe. Kibao chenye taa ya kijani karibu na televisheni ni cha kukuza mawimbi ya antena iliyo juu ya paa. Kinapeleka volti 12 huko juu kwa kifaa kidogo ndani ya antena. Msipoangalia televisheni kwa antena, kizimeni. Na kile kiswichi cha pembeni ya mlango wa friji kinapasha joto fremu ya mlango ili isitoe jasho siku za unyevunyevu. Ndiyo maana huoni tofauti yoyote: tofauti yake ni tone la maji lisilokuwepo. Kwa Dakota Kusini hamtakihitaji, na kwenye betri kinanyonya saa zote. Kizimeni, kaeni siku mbili tena, mpime.

DUAL na MOM ni za kuunganisha betri ya injini na ya nyumba. Katika magari ya miaka hiyo, DUAL huziunganisha ili altaneta ichaji zote mkiwa safarini. MOM huziunganisha kwa muda ule tu kidole kimebonyeza: asubuhi betri ya injini ikikataa, mnashikilia MOM huku mkigeuza ufunguo, betri ya nyumba inaishtua. Msiiache kwenye DUAL mkiwa mmeegesha mnalala na taa zinawaka, mtamaliza betri zote mbili porini. ICC baba watoto ataipenda. Inazimisha kwa sekunde zile taa ndogo za ubavuni na juu, ya kumshukuru dereva wa lori aliyekupisha. Herufi ni za Interstate Commerce Commission, tume ya serikali iliyosimamia usafiri kati ya majimbo tangu 1887 hadi ilipovunjwa mwishoni mwa 1995. Gari lenu lilitengenezwa tume ikiwa imeshakufa, jina likabaki kwenye swichi.

Taa za jikoni zinazowaka ukishikilia ni kipimo cha matanki: maji safi, maji machafu ya kuogea, choo, gesi, na betri. Ya choo msiiamini. Karatasi hunasa kwenye vihisi na itakwambia tanki limejaa siku mliyolimwaga.

WATER HEATER nisomee polepole, kwa sababu hii ndiyo swichi ya kuharibu kitu kwa kuijaribu tu. Moja ni ya gesi, ile yenye taa nyekundu. Nyingine ni ya umeme wa 120, inawasha koili iliyo ndani ya tanki. Koili hiyo ikiwashwa bila maji inaungua haraka sana, na hamtajua mpaka mtakapooga baridi. Utasema, nitafungua bomba la moto jikoni nione kama maji yanatoka. Haitoshi! Mnaishi Iowa. Kila mwenye RV huko kabla ya baridi hukausha mabomba na kuzungusha valvu nyuma ya hita ili maji yaikwepe, na valvu zikiwa hivyo bomba la moto linatoa maji vizuri kabisa wakati tanki la hita ni tupu. Kwa hiyo kwanza tafuteni valvu hizo, mzirudishe, jazeni maji. Halafu nendeni nje, fungueni mlango wa hita, na kama maji bado ni baridi inueni kile kijiti cha valvu ya usalama: maji yakitoka, tanki limejaa. Hapo ndipo mguse swichi. Mkiwa na hita ya kampuni ya Suburban, angalieni pia pembe ya chini kushoto kule nje, mara nyingi kuna kiswichi cha pili cha koili, na vyote viwili lazima viwake ndipo ifanye kazi. Ya gesi ni rahisi: taa nyekundu inaweza kumulika kidogo wakati inawasha kisha inazimika. Ikibaki imewaka, moto umekataa. Zima, subiri dakika chache, jaribu tena, na uhakikishe mtungi umefunguliwa.

Soketi za jikoni zilizokufa: nendeni bafuni, mtafute soketi yenye vitufe viwili vidogo, TEST na RESET. Hiyo inalinda pia soketi nyingine zilizo karibu na maji na za nje. Bonyezeni RESET gari likiwa limechomekwa. Nadhani hapo mtamaliza.

Jenereta inayonguruma bila kutoa umeme: fungueni kijumba kile cha kuhifadhia kebo ya nje, muangalie ndani kama kuna soketi kubwa ukutani. Magari mengi ya zamani hayana swichi ya kubadilisha yenyewe kati ya jenereta na umeme wa nje. Kebo ileile ndiyo inayochomekwa kwenye soketi hiyo ili jenereta iilishe nyumba. Kama soketi haipo, basi kuna kibadilishaji cha ndani, kipeni nusu dakika baada ya kuwasha. Bado hakuna kitu? Jenereta yenyewe ina sakiti breka mwilini mwake, iangalieni. Na mkumbuke kwamba kwa kawaida jenereta huacha kuvuta petroli tanki likishuka kama robo, ili isiwaache bila mafuta ya kurudi nyumbani.

Sasa shemeji. Namheshimu, lakini uzoefu wa nyumbani unaweza kumponza hapa mara mbili. Kwanza rangi za waya. Fundi aliyelelewa na rangi za zamani za Mwingereza anajua nyekundu ndiyo moto na nyeusi ni nyutro. Aliyekuja na mpya anajua kahawia na bluu. Marekani, kwenye 120, nyeusi ndiyo moto! Nyeupe ni nyutro, kijani au shaba tupu ni ethi. Na kwa volti 12 za ndani ya nyumba ya RV, mara nyingi nyeupe ndiyo hasi, wakati upande wa injini ya gari nyeusi ndiyo hasi. Paneli moja inaweza kuwa na tamaduni zote hizo. Asiamini rangi hata moja bila mita, na asifungue upande wa 120 mpaka kebo imechomolewa na jenereta imezimwa.

La pili ni hiyo soketi ya gereji, na hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Plagi ya RV ya ampea 30 ina miguu mitatu minene, na inafanana na ya mashine za kukaushia nguo za Kimarekani ambazo ni volti 240. Hata mafundi wa huko huko huwa wanaidhania hivyo na kuifungia 240. RV ya ampea 30 inataka volti 120 tu: waya mmoja wa moto, nyutro, ethi. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote na 230 hatashtuka akisoma 240 kwenye mita, ataona sawa. Mkichomeka, konveta, maikrowevu, kiyoyozi na bodi ya friji vinaungua kwa pamoja. Soketi hiyo iwekwe na fundi mwenye leseni ya jimbo, aambiwe kwa maneno kwamba ni ya RV na ni 120, na mpime wenyewe kabla ya kuchomeka. Kwa sasa tumieni adapta kwenye soketi ya kawaida ya nyumba. Inatosha kuchaji betri na kupoza friji, lakini ni ya ampea 15 au 20, kwa hiyo msiwashe kiyoyozi.

Kazi ya shemeji ipo, na ni nzuri: fyuzi za volti 12. Achomoe moja, muone nini kimekufa, aandike, arudishe, aende inayofuata. Iliyoungua ibadilishwe kwa namba ileile, 15 kwa 15, asiweke kubwa zaidi ili "isisumbue".

Hiyo swichi ya chuma chini ya benchi si ya kiwandani, ni mkono wa mmoja wa wamiliki waliopita. Inaweza kuwa ya redio ya upepo iliyong'olewa, taa ya nje, feni, hata paneli ya sola. Shemeji aguse ncha zake kwa testa: kama upande mmoja una umeme, afuate waya wa upande wa pili kwa macho na kwa tochi, bila kukata kitu. Awe macho zaidi akikuta waya mgumu wa njano au mweupe wa nyumbani, huo ni wa 120 na hapo asimame. Wa kawaida wa 12 ukimfikisha kwenye ncha iliyokatwa, achomoe fyuzi yake, afunge ncha kwa tepu, aandike "haina kazi". Yakibaki mawili matatu msiyoyajua baada ya hapo, pelekeni hayo tu kwa fundi wa RV, pamoja na picha za simu za kila swichi na karatasi zenu. Atawatoza saa moja badala ya siku nzima.

Na kabla ya Badlands laleni usiku mmoja ndani ya gari hapo hapo uani, bila kebo ya nje.